Mdogo wangu ana kifafa, harusi ni Oktoba, mchumba hajui. Naombeni ushauri

Kaka_wa_Ulanga

Habari za jioni ndugu zangu. Jambo hili nimelibeba wiki tatu, usingizi umekata, nimeona nilitue hapa.

Kwetu ni Mahenge, wilaya ya Ulanga. Baba alishatangulia mbele za haki, mimi ndiye mkubwa, natafuta maisha Dar. Nina mdogo wangu wa kike, miaka 24, fundi cherehani, anaishi Ifakara na mama. Kifafa kilimwanza akiwa darasa la tano. Mara ya kwanza alianguka mstarini asubuhi, wimbo wa taifa unaimbwa. Wenzake wote wakatawanyika, na walimu wawili nao. Mliotoka kwetu mnajua sababu: watu wanaamini ukigusa povu la aliyeanguka, au akitoa hewa uko karibu, na wewe umeupata. Akabaki pale chini peke yake mpaka alipozinduka, sketi imelowa mkojo, shule nzima inamtazama kwa mbali. Aliporudi darasani alipewa dawati la peke yake. Darasa la saba hakulimaliza.

Waganga tuliwazunguka sana, siwachoshi na habari hizo. Siku moja aliangukia jikoni, mkono wa kushoto una kovu mpaka kwenye kiwiko. Alipofika miaka 17 ndipo alipoanza dawa za hospitali kwa uhakika, na hali ikatulia. Alimaliza karibu miaka miwili hajaanguka. Akajifunza cherehani, akajiunga na kwaya, akaanza kucheka kama zamani.

Mwaka jana akaja kijana wa Kilosa, mtulivu, anamheshimu. Barua ya posa niliipokea kwa mikono yangu. Mahari imeshalipwa nusu. Kijana hajui chochote. Kovu aliambiwa ni chai ya moto ya utotoni, na aliyemwambia ni mama, mimi nimekaa pembeni nimenyamaza.

Msimamo wa mama ni kwamba asiambiwe mpaka waoane na mtoto wa kwanza azaliwe. Anasema mwanaume akishashika mwanawe haondoki.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mwezi wa sita peke yake ameanguka mara 4. Nilipombana akaniambia anaruka dawa. Akienda Kilosa kwa wakwe, siku tatu nne hamezi hata kidonge kimoja, anaogopa wifi zake wataviona kwenye begi. Akirudi anakesha kushona nguo za sherehe. Kwaya ameacha. Halafu akanitamkia neno ambalo bado liko masikioni mwangu: "Kaka, ningelala nisiamke ingekuwa nafuu kwenu wote."

Nimwite kijana tukae wanaume wawili nimwambie? Nimpitishie mshenga? Au nimsikilize mama?

Bibi_wa_Mikindani

Mwanangu, pole sana. Mimi nitasema tofauti na watakaokuja. Msikilize mama yako. Mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa na ugonjwa huohuo, akamwambia mchumba ukweli. Mchumba akaondoka, na haikuishia hapo: mtaa mzima ukajua, hata wateja wa vitumbua vyake wakaisha. Leo ana miaka 51, hakuolewa. Mama yako hana roho mbaya, anaogopa kitu alichokwisha kukiona. Usimgombeze.

Mvuvi_wa_Kilwa

Shikamoo Bibi. Naomba niseme kwa upande wa aliyefichwa, maana mimi ndiye yule kijana wa Kilosa, miaka tisa baadaye.

Mke wangu ana kifafa. Hakuna aliyeniambia, si yeye wala wazee. Usiku wa kumi na moja baada ya harusi nikasikia kishindo uani. Natoka na tochi, namkuta amekakamaa, macho yamegeuka. Sikujua ni nini. Nilikumbuka tu maneno ya mtaani kwamba asije akameza ulimi, nikachukua kijiko nikakilazimisha mdomoni. Nilimvunja jino la mbele. Mpaka leo akicheka naliona lile pengo, na ni mimi niliyelitia. Laiti mtu mmoja tu angeniambia: mlaze kiubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, mwekee kanga chini ya kichwa, usimtie kitu mdomoni, usimkandamize, tazama saa, zikipita dakika tano hajaacha kukakamaa mkimbize hospitali. Maneno hayo yanasemwa kwa nusu dakika, na yangemwachia jino lake.

Ugonjwa haukunikimbiza. Kilichonitesa mwaka mzima ni kujiuliza, nini kingine wamenificha? Nilikuwa nikimwona shemeji yangu ananichekea nanyanyuka naondoka. Kaka, wewe ndiye uliyepokea barua. Kijana akija kujua, uso atakaoukumbuka ni wako.

Muuguzi_wa_Zamu

Nafanya kazi kliniki ya afya ya akili hospitali ya wilaya, na kwetu wagonjwa wa kifafa wanahudumiwa hapohapo. (Hilo nalo linawaumiza. Mtu anapanga foleni chini ya kibao cha wagonjwa wa akili, majirani wanapita wanamwona, mwezi unaofuata haji.)

Kaka, kabla ya harusi kuna hilo neno la "nisiamke". Usilipite. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kama ameshawaza atafanyaje. Kuuliza hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo, kunamwonyesha kuna mtu amesikia. Akisema ndiyo asiachwe peke yake, dawa akabidhiwe mtu mwingine amtunzie, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, kwa mwenye kifafa ni ya kawaida kuliko kwa watu wengine, na ina dawa na ina mazungumzo yake. Tatizo inazunguka: akiwa na sonona anaacha vidonge, akiacha anaanguka, akianguka aibu inamrudisha chini zaidi.

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 100 wenye kifafa, kama 70 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuimeza. Mdogo wako alikaa miaka miwili, kwa hiyo dawa inamsaidia. Kumeza siku mbili na kuruka siku tatu ni hatari kubwa, mwili ukikatiwa dawa ghafla mtu anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na hiyo inaua. Kukesha nako kunachochea. Cherehani ya usiku isimame.

Dawa gani anatumia?

Kaka_wa_Ulanga

Asante sana dada. Nimepiga simu sasa hivi akanisomea kopo. Ni valiproeti, miligramu 500, asubuhi na jioni. Nimemuuliza lile swali pia. Alinyamaza sana, nikadhani simu imekatika. Akasema hajapanga kujidhuru, ila amechoka kuwa na siri. Usiku huu mama mdogo analala naye.

Muuguzi_wa_Zamu

Umefanya vyema kumuuliza, na mama mdogo aendelee kulala naye mpaka aonwe.

Hapa kwenye dawa ndipo mpango wa mama unapoingia hatarini bila yeye kujua. Valiproeti ni dawa nzuri ya kifafa, lakini kwa mwanamke anayetarajia kubeba mimba ina tatizo kubwa. Kati ya watoto 10 waliokuwa tumboni mama akiitumia, kama 1 huzaliwa na kasoro ya maumbile, mgongo wazi ikiwamo, na 3 hadi 4 huchelewa kukua kiakili, kusema au kujifunza. Sasa unaona: "tusubiri mpaka mtoto azaliwe" maana yake mimba inaingia kwa siri, juu ya dawa ambayo ilitakiwa ijadiliwe miezi kabla.

ASIIACHE mwenyewe, narudia, asiiache. Aende kwa daktari aseme wazi "naolewa Oktoba". Daktari ataamua kama anabadilishiwa taratibu na kwa dawa ipi, na atamwandikia vitamini ya foliki. Akihamishiwa kabamazepini au fenobabitoni, asisahau kuuliza habari za uzazi wa mpango, kwa sababu dawa hizo hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na vijiti. Nimeshaona mabinti wana kijiti mkononi na mimba tumboni, na hakuna aliyewaonya. Kitanzi hakina shida hiyo.

Mazungumzo ya namna hii mke hawezi kuyafanya peke yake huku mume anaambiwa ni dawa za tumbo.

Mpita_Mahakamani

Nyongeza kutoka upande wa sheria, mama aelezwe kwa upole. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 39, inasema ndoa inaweza kubatilishwa ikiwa wakati wa kufungwa mmoja wao alikuwa anashikwa mara kwa mara na kichaa au kifafa. Anayekwenda mahakamani lazima awe hakujua siku ya ndoa, na awahi ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo kumficha kijana ndiko kunakompa mlango wa kutokea. Akijua na akaoa, mlango huo umefungwa.

Mimi binafsi naona kifungu hicho ni cha kuonea watu, kuweka kifafa na kichaa mstari mmoja na kuvifanya sababu ya kuvunja nyumba. India walikuwa na kitu kama hicho kwenye sheria ya ndoa za Wahindu, wakakiondoa mwaka 1999. Kwetu bado kipo, na mdogo wako anaolewa chini ya sheria hii.

Mwalimu_Naanguka_Naamka

Nimesoma uzi wote mara mbili. Mimi ni mwalimu wa msingi, nina kifafa tangu nina miaka 9, na kwetu pia ni Ulanga.

Kaka, unampenda mdogo wako, hilo linaonekana. Lakini tazama maswali yako: nimwite mimi, nimpitishie mshenga, nimsikilize mama. Hakuna hata moja linalouliza yeye mwenyewe anataka nini. Tangu siku ile ya mstarini, mwili huu umekuwa wa kujadiliwa na watu wengine. Mganga aliamua, shule ikaamua, mama akaamua kovu ni chai. Na sasa wewe unatafuta namna ya kumsemea tena.

Akisema yeye, kwa mdomo wake, kijana atamwona mtu mzima anayeujua ugonjwa wake na kuutawala. Ukisema wewe, atamwona bidhaa yenye kasoro ambayo muuzaji amepata dhamira. Samahani kwa neno hilo, lakini nililipitia. Kaka yangu alinisemea, na yule mchumba hakuwahi kuniuliza mimi swali hata moja. Aliondoka akiagana na kaka.

Wa pili nilimwambia mwenyewe, mwezi wa pili tu wa kufahamiana, tukiwa tumekaa kwenye benchi stendi. Nilimwambia tangu lini, dawa gani, nikianguka inakuwaje, na kwamba hauambukizi. Tuna watoto wawili.

Kwa kijana wa Kilosa kuna jambo moja zaidi. Kwetu Mahenge kifafa ni kingi, na hatukulogwa. Dokta Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa palepale mwanzoni mwa miaka ya 1960 na akaeleza mpaka ule ugonjwa wa watoto kutikisa kichwa, na watafiti waliofuata wameona uhusiano na usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na nzi wa mitoni. Dawa za usubi tunazomezeshwa ni za minyoo hao. Kijana akilijua hilo, shangazi zake wakija na habari za ukoo wenye mkosi atakuwa na la kuwajibu.

Bibi_wa_Mikindani

Nimesoma yote. Hilo la dawa na mimba sikulijua kabisa. Mvuvi, marahaba mwanangu. Mwalimu, kule juu nilisema mdogo wangu alimwambia mchumba mwenyewe. Kweli ni kwamba naye alisemewa, aliyemsemea ni mimi.

Kaka_wa_Ulanga

Ndugu zangu, narudi na mrejesho baada ya siku kumi na mbili.

Nilikwenda Ifakara. Nilimuuliza mdogo wangu swali la Mwalimu: wewe unataka nini? Alilia kwanza. Kisha akasema anataka amwambie mwenyewe, nyumbani, mchana, mimi niwepo ila nikae uani. Mama alikasirika, akaingia ndani akafunga mlango, na mpaka naondoka alinisalimia tu kwa kichwa. Nilimweleza habari ya valiproeti kupitia dirishani. Hakujibu, lakini asubuhi nilimkuta ameweka vidonge vya mdogo wangu mezani karibu na chai, hadharani, kitu ambacho hajawahi kukifanya.

Kijana alikuja Jumamosi. Waliongea kama saa moja na nusu. Nilisikia anasema neno "chai" kwa sauti ya juu mara moja, basi. Alipotoka hakuniaga vizuri, na nimekubali, nilistahili. Alimwambia mdogo wangu anahitaji muda, na kwamba ataongea na baba yake peke yake kabla ya wengine kujua.

Jumatano alimpigia. Hakutaja harusi. Aliuliza kliniki ni siku gani, na kama ndugu wanaruhusiwa kuingia kwa daktari. Ni Alhamisi ijayo. Mdogo wangu anameza dawa zake, analala saa tatu usiku, na usiku huo wa Jumatano aliniomba nimtumie nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, ikitokea kijana amekuja na hana.

Muuguzi, kuna karatasi ya kwenda nayo? Tarehe alizoanguka nimeziandika zote kwenye daftari.

Muuguzi_wa_Zamu

Nendeni na hilo daftari na kopo la dawa. Na aliyemwona akianguka awepo, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kujisimulia. Mama yenu ndiye amemwona mara nyingi kuliko wote. Mwombeni aje.