Njiti za Jumamosi

18:04 Anti Shiro: Watu wetu swali la Jumamosi ndio hili 6+4=4, namba zimeundwa kwa njiti kama za kalkuleta. Hamisha njiti MOJA tu hesabu iwe sawa. Kila nyumba itume jibu leo kabla ya saa tatu ndio nijue nanunua kiberiti ngapi, na ile mia mbili ya chapati mpaka saa hii ni nyumba mbili tu zimetuma

18:31 Anti Shiro: Tiki za bluu naziona jameni

18:33 Kevo: kiberiti ni ya hesabu ama ya chapati 😂

18:33 Anti Shiro: Kevo sitaki

18:47 Mama Taji: Taji anasema hiyo 6 toa njiti ya katikati uipandishe juu kulia, inakuwa 0. 0+4=4

18:48 Anti Shiro: Taji wangu!! 👏👏 Bado majibu mawili

18:55 Njeri: 8-4=4. Njiti yenye imesimama kwa kujumlisha unaitoa inabaki kutoa, unafunga nayo 6

19:10 Kevo: 5+4=9! 6 toa ya chini kushoto, ezekea 4 juu kama paa

19:12 Anko Deno: Hiyo tisa haina mguu

19:13 Kevo: anko tisa ya njiti tano iko, kuna kalkuleta zinaiandika hivyo

19:16 Anko Deno: Disemba nilitoa njiti kwa kujumlisha nikaipitisha juu ya alama ya sawasawa ikawa 6 toa 4 SI 4, na huo ni ukweli, mkasema nimeharibu mchezo watoto wangu wakarudi Kayole mikono mitupu. Leo tisa bila mguu inapita?

19:17 Anti Shiro: Deno hiyo maneno iliisha

19:17 Anko Deno: Iliisha kwako

19:21 Kevo: tisa ipelekwe kwa daktari wa mifupa 😭

19:24 Njeri: Si tubadilishe swali iwe 5+7=2. Ile ya kusimama inaenda kwa 5 juu kulia, 9-7=2, na hiyo tisa iko na mguu wake

19:26 Anti Shiro: Na kabla tuanze naunda 0 mpaka 9 zote kwa meza kila mtu aone, 1 ni njiti mbili, 7 tatu, 8 saba, hakuna kubishana tena

19:40 Shosho: Wambui amenisomea yote. Deno, Disemba nilikuwa nimekaa hapo na nikanyamaza. Nilikosea. Na kiberiti haitashikwa na mtoto kwangu. Mnajua sababu.

20:22 Anko Deno: Asante mama

20:25 Anti Shiro: Sawa mama 🙏

20:31 Anti Shiro: Basi tutumie nini? Vijiti vya meno?

20:33 Mama Taji: Hizo zina ncha, watadungana macho

20:34 Kevo: spageti haijapikwa

20:41 Njeri: Kevo kwa hiyo umesema kitu lakini zinavunjika haraka

22:14 Baba Nimo: Jumamosi ni saa ngapi? Na swali ni gani

22:15 Anti Shiro: Baba Nimo panda juu usome. Na mia mbili