Mvua hakuna, mbu wametoka wapi?

Mama_Mbuta, Kondele
Hamjambo. Mwezi jana viungo vilinikamata hadi kisu cha kuparia samaki kikanishinda. Vidole vilifura, ngazi nikawa nashuka kinyumenyume. Nilipimwa malaria mara mbili, haikuonekana, na dawa ya malaria bado nikapewa! Sasa kijana wa jirani anasema huenda ni chikungunya, ya mbu. Mbu gani na kiangazi hiki? Bomba lenyewe linatoa maji Jumanne tu. Na eti wataalamu hujua kirusi kilitoka wapi. Kwani kina kitambulisho?

Hadubini
Pole mama. Hiyo Jumanne ndiyo jibu: maji hukaa kwenye pipa. Mbu Aedes, yule mweusi mwenye alama nyeupe miguuni, hutaga ukingoni mwa pipa na huuma mchana. Lamu 2004 ilikuwa ukame: maji yaliwekwa majumbani, chikungunya ikalipuka, ikashuka Mombasa, ikavuka hadi visiwa vya Komoro na Réunion. Joto nalo hufanya kirusi kiwahi kufika mateni mwa mbu kabla mbu hajafa.

Kitambulisho kipo. Jenomu yake, yaani maelekezo yake yote ya urithi, ni herufi karibu 12,000. Kikijinakili hukosea, na kosa hurithiwa. Kama daftari la nyimbo za kwaya: ukikuta kosa lilelile kwenye madaftari mawili, ujue asili yao ni moja. Kule Réunion kosa moja tu, nafasi ya 226 ya E1, protini ya ganda lake, lilikirahisishia kuingia mbu mwingine, Aedes albopictus. Hilo hata upime mvua mwaka mzima hutalijua.

Jaduong_Alego
Na homa ya onyong-nyong je? 1959 ilianzia Uganda, jina ni la Kiacholi, ikatufikia huku ziwani. Nilikuwa mtoto, baba alishindwa na jembe. Hiyo huletwa na Anopheles, haohao wa malaria.

Hadubini
Kweli mzee, nilikuwa nimeisahau. Ni ndugu wa chikungunya, na kingamwili, kinga ambazo mwili huzitengeneza dhidi yao, hufanana hadi kipimo huwachanganya. Herufi hazichanganyi, ila damu ichukuliwe siku za kwanza za homa. Mama, kwako mwezi umepita, kirusi chenyewe hakimo tena.

Mama_Mbuta, Kondele
Basi kirusi changu hakitajulikana. Nimetoka kufunua pipa la jikoni. Viluwiluwi vinapinduka humo kama vimelipwa.