Tupeane uzoefu: kupanda na watoto hadi Maundi na kurudi siku hiyohiyo

Mama Wawili, Moshi
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Naomba tupeane uzoefu wa kupeleka watoto mlimani bila kulala huko. Naanza mimi.

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tunaiona kila asubuhi tukianika nguo, na wanangu hawakuwahi kuukanyaga mlima. Mwezi wa pili tukasema basi. Tulikuwa mimi, baba yao, wa miaka 11 na wa miaka 8. Saa moja na nusu tulishafika geti la Marangu. Kutoka hapo hadi Mandara, kituo cha kwanza cha wapandaji, mita 2,720, ni kupanda njia nzima, ila kupanda kwa upole, chini ya kivuli cha msitu. Mwongozaji alitupanga mapema: mdogo atangulie, sisi tumfuate. Mtu mzima akitangulia, mtoto hukimbizana na hatua zake na kuishiwa nguvu njiani. Wetu alitembea kwa mwendo wake, akisimama kila penye mbega, na hakuna aliyebebwa.

Mandara tulikula mayai ya kuchemsha na ndizi, kisha tukaongeza kama robo saa hadi ukingo wa kreta ya Maundi. Jamani! Msitu unabaki chini yako, kilele cha Mawenzi kiko mbele, na ukigeuka unaona tambarare hadi upande wa Kenya. Mwongozaji akanyoosha fimbo kuelekea njia ya Horombo, kituo kinachofuata juu, akatuonyesha upande uliowaka Oktoba 2020. Mdogo akauliza, "Mama, nani anakaa hapa kuangalia moto?" Swali hilo sijalisahau. Pale juu, hata mtoto anaelewa kwamba moshi ukianza kufuka unatakiwa uonwe mapema.

Kosa letu lilikuwa kukawia. Saa nane mawingu yakafunga, mvua ikatukuta msituni, na makoti ya mvua tulikuwa tumeyaacha kwenye gari. Jambo jingine: wakateni watoto kucha za miguu siku moja kabla. Kwenye kushuka vidole vinagonga mbele ya kiatu, na mdogo alilia kilomita nzima.

Baba wa Njiro
Dada, hongereni. Sisi wa Arusha tulikwenda hifadhi ya Taifa ya Arusha, chini ya Meru, hadi maporomoko ya Tululusia. Unatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, na kweli tuliwakuta, kundi zima uwandani. Askari akatusimamisha, tukanyamaza hadi walipoondoka. Mwanangu wa miaka 5 alinyamaza kuliko siku zote alizokwenda kanisani. Kwa mtoto wa umri huo naona inatosha, Mandara ningengoja.

Mzee wa Kilema
Wanangu, mimi nilibeba mizigo ya wageni miaka mingi. Mwaka 2020 moto ulipowaka pale Whona, katikati ya Mandara na Horombo, tulipanda kusaidia, pamoja na vijana wa shule. Hakukuwa na maji ya kumwaga. Tulikata matawi mabichi tukapiga, wengine wakichimba mkanda wa udongo ili moto ukose chakula. Vile vichaka vya juu, vyenye majani kama sindano, vina mafuta. Vikishika vinalia kama mahindi kwenye kikaango. Na ukidhani umeuzima, kumbe unatembea chini kwenye mizizi na udongo mweusi, kesho unafuka nyuma yako. Usiku tulilala na masizi usoni.

Msitu ule ndio unaokamata ukungu na kuudondosha ardhini, na mifereji yetu huku chini inautegemea. Kwa hiyo mkiwapeleka watoto Maundi, waonyesheni na palipoungua, msiwaonyeshe theluji tu. Na kiberiti kibaki nyumbani.

Mgeni wa Majengo
Asante Mzee. Mama Wawili, malipo mlifanyaje? Nataka kwenda na wanangu watatu.

Mama Wawili, Moshi
Usitegemee kulipa kwa fedha mkononi, uliza utaratibu wa malipo kabla hujatoka nyumbani. Beba kitambulisho chako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana kiwango cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni. Mwongozaji mpate mapema, mwambie umri wa kila mtoto.

Mzee, shikamoo. Nimemsomea mdogo maneno yako. Anauliza kama ile mizizi iliyoungua imechipua.

Mzee wa Kilema
Marahaba mama. Mwambie imechipua, ila bado ni mifupi, inamfika yeye magotini.