Mrejesho: mtoto anayegongagonga kichwa usingizini

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kuhusu mwanangu wa miezi 14, ambaye kila anapoanza kusinzia hulala kifudifudi na kugongagonga kichwa kwenye godoro kwa mwendo ule ule, kama mtu atwangaye, huku akiguna. Daktari wa watoto, baada ya kumpima na kutazama video niliyoirekodi kwa simu, alisema si kifafa, bali ni namna ya kujibembeleza ambayo kwa kawaida huanza kabla ya mwaka 1 na mara nyingi hukoma kabla ya miaka 5. Dawa hakuandika. Tulichofanya ni kukaza skrubu za kitanda, kilichokuwa kikilia kiasi cha kuwaamsha majirani, na kukisogeza mbali na ukuta. Bado anagonga, ila sasa mimi ninalala.