Corolla AE100: nitatoaje rangi ya machungwa kwenye taa za pembe bila kuharibu kioo?

Kijana wa Himbi

Jambo ba ndugu. Niko hapa Goma na gari ya Toyota Corolla AE100, usukani kulia kama ilivyotoka Japani. Nimeipaka nyeupe upya, fari (taa kubwa za mbele) zimeng'aa, lakini zile taa za pembe zilizo ubavuni mwa fari, zenye klinyotanti (taa ya kuonyesha unakata kona), bado ni za machungwa na zinaniharibia sura yote ya mbele. Si za asili, mwenye gari wa kwanza alizibadilisha. Nataka kioo cheupe kabisa.

Moja nimeshaitoa: skrubu ya juu, nikaivuta kwa mbele, ikaja. Nimeiinua juani: kioo cha nje ni cheupe chenye ukungu kidogo, na ndani kuna kipande cha plastiki ya machungwa kinachofunika ampuli (balbu). Rafiki yangu anasema nimwagie esansi (petroli) kwenye maungio ili gundi iachie. Oveni sina, na kura (umeme) ya huku mnaijua. Niko na babula (jiko la makaa), sufuria na msasa. Inawezekana?

Fundi umeme, Katindo

Mdogo wangu, inawezekana, na umefanya vizuri kuiangalia juani kwanza. Kuna taa ambazo plastiki yenyewe ni ya machungwa ndani hadi nje. Hizo hata ukizisugua mwaka mzima zitabaki za machungwa, dawa yake ni kununua nyingine. Yako rangi iko kwenye kifuniko cha ndani tu.

Esansi iweke mbali kabisa, pamoja na diluant (tina ya rangi) na asetoni. Vioo vingi vya taa za pembe ni vya akriliki, aina ya plastiki, na akriliki ikiguswa na vitu hivyo inapasuka nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Mchana huzioni vizuri. Usiku ampuli ikiwaka ndipo zinajitokeza zote, na hazifutiki.

Sasa moto. Goma tuko kwenye mita karibu 1,500, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Hiyo inakusaidia, maana akriliki inaanza kulegea karibu na hapo. Hata hivyo usiitumbukize taa sufuria ikiwa juu ya makaa. Ipua, subiri mapovu yatulie, ubaki mvuke tu. Toa ampuli na soketi, ziba tundu la nyuma, kisha zamisha ule ukingo ambako kioo kinakutana na kopo la nyuma. Dakika chache zinatosha. Ukiona gundi nyeusi inavutika, ingiza kadi ya plastiki ya zamani kwenye kona moja na uisogeze taratibu. Turnevisi (bisibisi) itakuachia alama. Ikikataa, irudishe kwenye joto; mkono usilazimishe. Na ukikuta hakuna gundi, plastiki mbili zimeyeyushwa zikawa kitu kimoja, acha hapohapo, kwa sababu maji ya moto hayatazifungua.

Kifuniko cha machungwa kikitoka kitunze. Ukungu wa nje ndio wa kusuguliwa: osha kioo kwa maji mengi kabla hujakigusa na kitambaa. Vumbi letu ni la volkano, punje zake ni ngumu na zina ncha, ukipangusa kioo kikavu wewe mwenyewe ndiye unayekichora. Halafu msasa wa maji namba 1000, 1500, 2000, na mwisho dawa ya kung'arishia. Ndani usisugue, kule kuna mistari inayotawanya mwanga.

Lakini kuna jambo ninalokuomba ulichukue kwa uzito kuliko hayo yote. Rangi ya machungwa unaitoa kwenye plastiki, huitoi kwenye gari. Ni lazima ihamie kwenye ampuli. Tafuta ampuli ya machungwa ya volti 12, wati 21, iliyoandikwa PY21W. Usipake ampuli nyeupe rangi ya kucha. Wati 21 ni moto mkali: rangi inaungua, inabanduka, na baada ya muda mfupi unawasha klinyotanti nyeupe bila kujua.

Dereva, barabara ya Sake

Namuunga mkono mzee hapo juu. Jioni mvua ikinyesha, gari inakuja mbele yangu fari zimewaka, klinyotanti nyeupe iko sentimita chache kutoka kwenye fari nyeupe. Kinachowaka na kuzima siwezi kukiona. Na mwenye moto (pikipiki) anayenipita kushoto haoni zaidi yangu, naye ana abiria wawili na mtoto katikati. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu barabara unataka klinyotanti ziwe za machungwa, na Kongo imo. Polisi wa rulaji (wa barabarani) wakikusimamisha kwa hilo hutakuwa na la kuwajibu.

Mama wa Majengo

Niko na swali langu hapohapo. Mwanangu aliniwekea LED za machungwa kwenye klinyotanti, sasa zinapepesa mbio mbio. Zimeharibika?

Fundi umeme, Katindo

Hapana mama, ni nzima. Ampuli ya wati 21 inakula karibu ampea 1.75. LED inakula kidogo sana, basi rilei, kile kifaa kinachowasha na kuzima klinyotanti, inadhani ampuli imeungua na inaenda mbio ili ikuonye. Mwambie kijana abadilishe rilei, atafute ya LED. Wengine wanafunga rezistansi (kizuizi cha umeme) ya om 6. Inafanya kazi, lakini inachemka sana. Ikifungwa lazima ikae juu ya chuma, mbali na nyaya na plastiki.

Kijana wa Himbi

Aksanti sana mzee. Imefunguka, kioo kimetakata! Lakini PY21W niliyonunua sokoni Birere haiingii. Muuzaji anasema nipige tupa kipini kimoja.

Fundi umeme, Katindo

Usipige tupa. Ampuli nyeupe ya kawaida, P21W, vipini vyake viwili vinatazamana sawasawa. Kwenye PY21W kimoja kimesogezwa, makusudi kabisa, ili mtu asiweke nyeupe mahali pa machungwa. Ukikikata, ampuli itashikwa upande mmoja, na kwa mawe ya barabara zetu italegea, iwake ikitaka. Badilisha soketi, uweke ile inayoitwa BAU15S. Au tafuta ampuli ya machungwa yenye vipini vinavyotazamana, nazo zipo.

Wakati wa kufunga, gundi ya zamani ikiwa safi ipashe moto tena na ubane. Ukiongeza silikoni, inuse kwanza: inayotoa harufu ya siki usiitumie, mvuke wake unakula ile rangi ya fedha ya ndani. Kitundu cha kupumulia kilicho chini ya taa usikizibe, unyevu hutokea hapo. Ikauke usiku mzima ndipo uirudishe kwenye gari, na ukiiwasha simama mbele mwenyewe, hatua ishirini hivi, fari zikiwa zimewaka.

Kijana wa Himbi

Sawa mzee. Kesho nashuka Birere kutafuta soketi, mbili, maana taa ya upande wa pili nayo naifungua.