Mliowahi kupanga timu: mfumo mliuchaguaje? Tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu. Nimekabidhiwa timu ya mtaa, mashindano ya ndondo yanakaribia na kwenye benchi hakukaliki kwa ubishi. Kapteni anataka 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu) kwa sababu ndo anaiona kwenye tv, mwenyekiti yeye ni mtu wa zamani anataka 4-4-2 na ndiye anayetoa hela ya maji na usafiri kwahiyo huwezi kumpuuza. Mi kabla sijaamua nataka kusikia waliopanga timu kweli au waliocheza ndani ya mfumo flani wakaona faida au hasara yake, ya kocha Guardiola na wa kwenye tv tuyaache kwanza. Nilicho nacho ni hiki: washambuliaji wawili wazuri na wanaelewana, winga wa maana hamna, namba tatu anapanda mpaka unamsahau kama ni beki, namba sita (kiungo mkabaji) ni mmoja tu na kazini kwao ni shifti kwahiyo kuna siku hatokei. Uwanja ni mwembamba na umeinama upande mmoja, ukitoa pasi ndefu mpira unajipeleka wenyewe nje. Karibuni.

Mkata Umeme
Mkuu mi nimecheza namba sita miaka mingi na nitakwambia kitu ambacho makocha wa mtaani hawakiangalii. Timu yetu ilikuwa 4-3-3, kwenye ubao inapendeza, sasa wale namba nane wawili (viungo wa kupanda mbele) wote walikuwa wanapenda goli, mpira ukienda mbele wanakimbia wote, fulubeki (mabeki wa pembeni) wote wawili nao wamepanda, nikigeuka nyuma naona mabeki wawili wa kati na mimi, halafu uwanja wote ule ni wetu watatu kuulinda. Tulikuwa tunafunga matatu tunafungwa matatu. Kocha aliyekuja baadae hakubadilisha hata mchezaji mmoja, alichofanya alimchukua namba nane mmoja akamwambia wewe kuanzia leo unakaa pembeni ya huyu, akipanda huyu wewe unabaki, ukipanda wewe huyu anabaki. Ikawa 4-2-3-1 hivi hivi. Magoli ya kizembe yakapungua, japo yule jamaa alinuna karibu msimu mzima maana alizoea kufunga.

Kwahiyo mi mtu akiniuliza mfumo gani namuuliza kwanza, mpira ukipotea pale katikati, nyuma ya mpira wamebaki wangapi? Morocco kombe la dunia 2022 walifika nusu fainali na kabla ya hapo walikuwa wamefungwa goli moja tu, tena la kujifunga wenyewe dhidi ya Canada. Watu wanamkumbuka Hakimi na Ziyech ila mwangalie kiungo wao Amrabat anavyosimama mbele ya mabeki wake wanne, yaani haondoki, mwenzake akitoka tu yeye anaziba. Hapo ndo mfumo ulipo, wale wa mbele ni baraka.

Mzee wa Ubao
Mchangani mfumo ni kuwa na mtu anayejua kufunga tu, mengine mbwembwe 😂

Mkata Umeme
Na ukikutana na timu ina watu wawili wanaojua kufunga?

Mzee wa Ubao
Hapo tunamtafuta kipa, mkuu

Mwalimu wa Michezo
Mimi uzoefu wangu ni wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Pale unapewa watoto kutoka shule tofauti, kila mmoja kwao alikuwa staa, na kambi ni siku chache, sehemu ya muda inaishia kwenye jezi na chakula. Huwezi kuanza kumfundisha mtoto wingbeki (beki na winga kwa pamoja) anakaa wapi. Kwahiyo mi siku zote ni 4-4-2, sio kwamba ndo bora kuliko yote, hapana, ni kwamba hata yule anayetoka shule ya mbali kabisa ukimwambia wewe namba mbili anajua aende wapi. Hizi namba zetu tunazoitana mtaani, mbili na tatu pembeni, nne na tano kati, sita mkabaji, saba na kumi na moja winga, zimeshakaa kwenye mfumo wa mabeki wanne. Ukileta mabeki watatu wa kati mtoto anakuuliza sasa namba mbili ni nani, na swali lake ni la msingi.

Ninachofanya ni vizibo vya soda juu ya dawati. Vya rangi moja sisi, vya rangi nyingine wao, nasogeza kizibo cha mpira kulia halafu namwita mtoto mmoja mmoja asogeze kizibo chake. Hapo unamjua haraka anayeelewa na anayekisia. Wengi wanasogeza kizibo chao kwenye mpira. Nataka waone mistari miwili ya watu wanne inahama pamoja, umbali kati ya mstari na mstari usizidi hatua kumi na kitu, mpira ukienda kushoto winga wa kulia anaingia ndani. Leicester walichukua ubingwa wa Uingereza 2016 kwa 4-4-2 ya kawaida kabisa, Vardy na Okazaki mbele, na yule Okazaki kazi yake kubwa ilikuwa kurudi kumsumbua kiungo wa wapinzani. Kwahiyo mwenyekiti wako sio wa kudharau.

Kipa Mstaafu
Naongezea hapo kwa mwalimu. Kila mtu anachagua mfumo kwa kuangalia mbele, hakuna anayemuuliza kipa. Toka sheria ibadilike 2019 goli kiki sio lazima itoke kwenye boksi ndo iguswe, kwahiyo siku hizi vijana wote wanataka mabeki wasimame ndani ya boksi wapokee pasi fupi kama wanavyoona tv. Kwenye uwanja wa nyasi sawa. Kwenye uwanja wa kokoto na vishimo mpira unadunda unavyotaka wenyewe, mshambuliaji yuko hatua tano, beki anaangalia chini badala ya kuangalia mtu. Mimi nilikuwa napiga ndefu bila aibu, ila ndefu inataka mfumo wake. Ukiwa na mshambuliaji mmoja peke yake juu, anaruka na mabeki wawili, hata akishinda kichwa mpira unaenda kwa nani? Hamna mtu. Ukiwa na wawili mmoja anaruka mwingine anasubiri pale unapoangukia, na kiungo mmoja amekwisha sogea. Mpira wa pili ndo mechi yote mchangani. Mleta mada una wawili wanaoelewana halafu unataka kumpeleka mmoja winga ili iwe 4-3-3?? Acha.

Dada wa Benchi
Naona wote mabeki wanne, ngoja nitie yangu. Nasaidia timu ya wasichana na tunacheza mabeki watatu, na wala si kwa ajili ya fasheni. Fulubeki hatukuwa nao. Tulikuwa na mabeki wa kati watatu wazuri, mmoja ana mbio balaa, na pembeni tulikuwa na mabinti wanaopenda kukimbia ila kukaba mtu na mtu hawajui kabisa. Ukiwaweka fulubeki wanapigwa chenga, goli, ukiwaweka winga nyuma yao hakuna mtu. Wingbeki ikawa jibu, wanakimbia mstari mzima na nyuma kuna watatu wa kuwafuta makosa. Wale wanaoona mabeki watatu ni mfumo wa kigeni wakumbuke Misri ya kocha Hassan Shehata, AFCON 2006, 2008 na 2010 zote kabatini, nyuma kwenye watatu wake yupo Wael Gomaa.

Kazi ilikuwa kumshawishi mmoja ambaye alijiona ni winga, kila mazoezi "mi mnanirudisha nyuma". Nikamwonesha Chelsea ya kocha Conte. Septemba 2016 wanafungwa tatu na Arsenal, mechi haijaisha Conte anahamia mabeki watatu, baada ya hapo wakashinda mechi 13 mfululizo za ligi na ubingwa wakabeba. Na aliyepewa upande wa kulia ni Victor Moses, winga wa Nigeria ambaye misimu mitatu mfululizo kabla ya hapo alikuwa anatolewa kwa mkopo. Binti akaangalia video za Moses, akakubali, siku hizi ukimwambia urudi winga ndo mnagombana.

Ila niseme na ubaya wake. Kuanzia dakika ya 60 wingbeki wakichoka hawarudi mbele tena, mnajikuta mabeki watano na washambuliaji wako wawili wako peke yao huko kama yatima, mnakaa mnashambuliwa mpaka filimbi. Kama huna watu wawili wa kuingia pembeni usiuguse huu mfumo.

Mwana wa Kisauni
Nyinyi wa Bongo mmesema yote ila hamjasema habari ya saa na hali ya hewa. Sisi huku Mombasa mwezi wa Ramadhani kuna mechi zachezwa saa kumi jioni na nusu ya timu wamefunga. Hapo mie sitaki kusikia presha ya juu, yaani kuwakimbiza wapinzani huko huko kwao, utawaua watoto wa watu. Tunashuka nyuma, 4-5-1, mmoja mbele mwenye mbio, mpira tunaushika polepole. Ikija zile mechi za usiku baada ya tarawehe, watu wameshakula wamekunywa, tunabadilika kabisa, hapo twashambulia. Timu ni ile ile. Watu hudhani kocha amechanganyikiwa lakini hali ya mchezaji ndio inachagua. Ingawa nikubali, 4-5-1 ya saa kumi huwa mbaya kutazama, mashabiki hutukana vizuri sana.

Ughaibuni Muscat
Sisi huku ni saba kwa saba, usiku, mchana joto halifai. 2-3-1 basi. Yule wa kati kwenye watatu akiwa mvivu mmekwisha.

Mleta Mada
Nimesoma zote, shukrani sana. Nimekaa na kapteni jana tukaweka vizibo mezani kama mwalimu alivyosema (tumegombania vya rangi ya Fanta). Tumefika hapa: 4-4-2, wale wawili wanabaki mbele. Namba tatu nampa ruhusa apande lakini namba mbili habanduki, kwahiyo tukishambulia nyuma wanabaki watatu bila kuita mabeki watatu. Winga wa kushoto sitafuti mkimbiaji, naweka kiungo ambaye ataingia ndani amwachie namba tatu njia, na uwanja ulivyo mwembamba hata nafasi ya winga wawili sijaiona. Kapteni amekubali baada ya kuona yeye ndo yuko kati. Sijapata jibu la jambo moja: siku namba sita yuko shifti nafanyaje? Mwingine wa aina yake sina.

Mkata Umeme
Mchukue beki wa kati wa tatu, yule anayekaa benchi, msogeze pale mbele ya wenzake. Usimwambie acheze namba sita, atajaribu kupiga pasi za mita 40. Mwambie mambo mawili: asivuke nusu ya uwanja, na akipata mpira ampe aliye karibu mwenye jezi kama yake. Na siku hiyo namba tatu naye ruhusa yake ya kupanda ipunguze.

Kipa Mstaafu
Na kona nani anabaki nyuma, pangeni kabla ya mechi sio refa ameshapiga filimbi.

Mzee wa Ubao
Ratiba ikitoka ituwekee hapa tuje na vuvuzela