Nina shilingi milioni 4: ninunue kamera moja ya gharama, au lenzi na taa za bei nafuu?

Mwanga_wa_Tanga

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwa wa rika langu. Huu ni mwaka wa tatu ninapiga picha za harusi, za sherehe za kumuaga binti na za mahafali hapa Tanga, nikitumia kamera ya ngazi ya kwanza yenye megapikseli 18 pamoja na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, yaani ile ya milimita 18-55 inayofunguka hadi f/3.5 ikiwa pana na f/5.6 tu ikivutwa hadi mwisho (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la kupitisha mwanga ni dogo). Mchana sina ugomvi nayo. Tatizo huanza usiku, maharusi wanapoingia ukumbini na mshereheshaji akaagiza taa kubwa zizimwe zibaki zile za rangi. Hapo hulazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400, na picha hutoka na chenga nyingi kiasi kwamba nyuso za watu hufanana na sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Mwezi uliopita mama wa bibi harusi mmoja aliniuliza kwa upole, upole ulioniuma kuliko kama angenifokea, kwa nini picha ambazo mjomba alipiga kwa simu zilikuwa angavu kuliko zangu.

Nimejiwekea akiba ya shilingi milioni 4. Nikinunua kamera mpya yenye sensa kubwa, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, fedha yote itaishia hapo na nitabaki bila lenzi ya kuiweka. Nikibaki na kamera yangu, ninaweza kununua lenzi ya 50 mm f/1.8, flashi mbili za Kichina, mwavuli na stendi, na chenji ikabaki. Rafiki yangu wa Dar es Salaam ananikumbusha kila siku kwamba rahisi ghali, na mwingine ananiambia kwamba kamera haipigi picha, anayepiga ni mtu. Kauli zote mbili nimechoka kuzisikia, kwa kuwa hakuna hata mmoja kati yao aliyeniambia niende dukani nikanunue nini. Ninaomba hoja za mtu aliyekwisha kulipa bei zote mbili.

Mzee_wa_Chumba_cha_Giza

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kazi hii tukiwa bado tunasafisha filamu kwa dawa, na fedha niliyokwisha kuiacha kwenye maduka ya kamera ingetosha kuezeka nyumba, kwa hiyo nadhani nina haki ya kusema.

Tuanze na simu ya mjomba, maana jibu limejificha humo. Simu nyingi za sasa zina lenzi inayofunguka hadi f/1.8 au hata zaidi ya hapo, na kila unapobonyeza mara moja hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha ili chenga zipungue. Mjomba hakukushinda kwa ubora wa kifaa chake. Alikushinda kwa lenzi inayofunguka zaidi, na kwa huko kuunganisha picha. Lenzi yako ikiwa kwenye f/5.6, ile ya f/1.8 huingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya huo, kwa sababu mwanga huenda kwa kipeo cha pili cha uwiano wa namba hizo, gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Maana yake ni kwamba picha uliyokuwa unaipiga kwa ISO 6400 utaipiga kwa ISO 800 na bado utakuwa na akiba kidogo.

Sasa linganisha na hiyo sensa kubwa (ya kamera, si ile ya kuhesabu watu). Sensa ya milimita 36 kwa 24 ina eneo la takribani mara mbili na nusu ya sensa iliyo ndani ya kamera yako, na faida yake katika mwanga hafifu iko karibu na kiwango hicho hicho. Kwa hiyo lenzi ya bei ya mbuzi inakupa zaidi ya unachopewa na kamera ya bei ya ng'ombe, na ndiyo maana ningeanza na mbuzi.

Hata katika lenzi zenyewe, bei haipandi sambamba na faida. Chukua mfano wa Canon, ambao kwa miaka mingi waliuza kwa pamoja 50 mm f/1.8 na 50 mm f/1.2 ya daraja la L, yaani daraja lao la juu. Bei ya hiyo ya pili ilikuwa zaidi ya mara kumi ya bei ya ile ya kwanza. Mwanga inaouongeza ni mara mbili na robo. Uzito ni gramu 580 dhidi ya gramu 160 za toleo la mwaka 2015 la ile ndogo, na shingo yako itaisikia tofauti hiyo kabla keki haijakatwa. Niliwahi kuiazima ile kubwa kwa harusi moja nikaifungua hadi mwisho. Kwa kamera yenye sensa kubwa, ukisimama mita moja na nusu kutoka kwa mtu, sehemu inayoonekana wazi kwenye f/1.2 ina unene wa sentimita sita au saba hivi. Jicho la bibi harusi lilikuwa wazi kama kioo, na bwana harusi aliyekuwa amerudi nyuma hatua moja alikuwa ukungu mtupu. Nilirudi kwenye f/2.8 kwa usiku wote uliobaki, na katika f/2.8 hakuna mama mkwe duniani atakayetofautisha lenzi hizo mbili. Sisemi kwamba ile ya gharama haina lolote. Imeundwa imara zaidi, na namna inavyolainisha taa za nyuma inapendeza mno. Ninasema tu kwamba hayo si yale mama wa bibi harusi aliyokulalamikia.

Jambo moja la kujihadhari: kwenye kamera yako yenye sensa ndogo, 50 mm itaonekana kama 80 mm, yaani itavuta karibu zaidi, hivyo ukitaka picha ya ukoo mzima ndani ya sebule utajikuta umeegemea ukuta na shangazi wawili bado wako nje ya picha. Kwa picha hizo baki na 18-55 yako, ila uiongezee flashi. Na hizo taa za rangi, iwapo ni LED zinazotumia umeme wetu wa Hz 50, zinaweza kupepesa mara 100 kwa sekunde hata kama jicho halioni; ukipiga kwa kasi ya 1/500 ya sekunde unaweza kupata mistari ya giza kwenye picha, lakini ukishuka hadi 1/100 mara nyingi mistari hiyo hutoweka.

Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, ambaye picha zake zimetundikwa katika majumba makubwa ya sanaa, alifungua studio yake mwaka 1948 na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya uani kwa mwanga wa jua, mbele ya kitambaa. Ninamtaja kwa sababu kila nikizungumzia mwanga watu hudhani ninazungumzia umaskini.

Mtaa_wa_Luthuli

Salamu kutoka Nairobi. Ninamheshimu sana Mzee, na hesabu yake ya mwanga ni sahihi, lakini ameruka jambo moja ambalo mimi nililipia kwa aibu. Lenzi ya f/1.8 haina faida iwapo kamera haiwezi kuilenga gizani. Kamera nyingi za ngazi ya kwanza zenye megapikseli 18 zina nukta 9 tu za fokasi, na aghalabu ni ile ya katikati pekee inayoweza kutegemewa mwanga ukipungua. Ukifungua tundu kubwa kwa kamera ya namna hiyo utapata picha angavu zisizo na chenga, ambazo nusu yake macho ya watu hayakulengwa. Mwanga ni sharti la kwanza, wala sipingi, lakini fokasi ni sharti la pili, na hilo hukaa ndani ya kamera.

Jambo kubwa zaidi ni kadi ya kuhifadhia picha. Mwaka mmoja nilipiga harusi ya asubuhi hadi usiku kwa kamera yenye nafasi ya kadi moja, na kadi ikafa kabla sijafika nyumbani. Nilirejesha fedha yote, nikaongeza na ya kuomba radhi, na hata hivyo hakuna kiasi cha fedha kinachoweza kumrudisha padre madhabahuni ili arudie kuuliza swali lile. Tangu siku hiyo sikubali kazi ya harusi kwa kamera isiyoandika kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Kwangu mimi hilo peke yake linahalalisha kupanda ngazi moja.

Hata hivyo, kupanda ngazi si lazima kununua kamera mpya. Nikon D750 ilitoka mwaka 2014. Ina sensa ya milimita 36 kwa 24, megapikseli 24, nukta 51 za fokasi na nafasi mbili za kadi za SD. Canon 5D Mark III ya mwaka 2012 nayo inachukua kadi mbili, moja ya CF na nyingine ya SD. Hizi sasa zinauzwa zikiwa zimetumika kwa sehemu ndogo ya bei zilizotoka nayo dukani, kwa sababu wenye fedha wamehamia kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless). Zote mbili zimekadiriwa shata (pazia linalofunguka kila unapopiga picha) ya mibonyezo 150,000. Basi mwombe muuzaji akuonyeshe idadi ya mibonyezo iliyokwisha kupigwa. Ukikuta 60,000, na wewe hupiga picha 1,500 kwa harusi moja, umebakiwa na harusi 60 kabla ya kufikia makadirio hayo, na nyingi huvuka bila shida. Gawanya bei kwa 60, kisha ujiulize kama harusi moja inaweza kubeba gharama hiyo. Nani anahitaji megapikseli 45 kwa picha ambayo itatumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia na kukamuliwa hadi ibaki ganda? Hata picha ya kuchapwa ukubwa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi haihitaji megapikseli 9 kamili.

Tahadhari ni kwamba ukibadili kampuni ya kamera, lenzi za zamani zitabaki kuwa kumbukumbu, kwa hiyo angalia kwanza unachomiliki.

Upepo_wa_Kusi

Salaam aleikum nyote. Niko Unguja, na wewe wa Tanga bahari yetu ni moja, kwa hiyo nitasema habari ya vitu vidogo ambavyo wakubwa wa bara huvisahau.

Vipo vitu vya bei nafuu ambavyo sivinunui tena. Cha kwanza ni stendi ya miguu mitatu iliyo nyepesi kama ufagio, kwa kuwa upepo wa pwani huitikisa na picha ya jioni hutoka na ukungu. Afadhali kukosa stendi kuliko kuiamini ile. Cha pili ni kadi inayouzwa nusu ya bei ya wenzake. Nilinunua moja iliyoandikwa GB 128, ikapokea picha zote bila kulalamika, kisha zilizozidi ujazo wake wa kweli hazikufunguka. Siku hizi kila kadi mpya huijaza kwanza kwa programu ya H2testw, ambayo ni ya bure na hukuambia kadi inabeba kiasi gani kwa uhakika.

Cha tatu si cha kununua bali cha kuhifadhia. Hapa kwetu unyevu hauna msimu, na lenzi ya gharama hushikwa na kuvu sawasawa na ya rahisi. Kuvu haulizi risiti. Nilikuwa nikiweka lenzi kwenye mkoba wake wa ngozi, nikidhani ninaitunza, kumbe ngozi hunyonya unyevu na kuulisha uchafu ule. Sasa ninatumia chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, kipimo kidogo cha unyevu na vifuko vya silika, na ninahakikisha kipimo kinabaki kati ya asilimia 40 na 50. Kimenigharimu chini ya bei ya pilau la watu sita.

Na hiyo f/1.2 aliyoizungumzia Mzee, ukiipenda, ikodi kwa siku moja mteja anapolipa vizuri. Mimi hufanya hivyo.

Mwanga_wa_Tanga

Ninawashukuru sana. Jana nilipata D750 iliyotumika, yenye mibonyezo 48,000, kwa shilingi milioni 1 na laki 8, na kwa kuwa nilikuwa na lenzi moja tu, kuhama hakukuniuma. Nitaongeza 50 mm f/1.8, flashi moja, mwavuli, stendi nzito na hicho chombo cha plastiki. Ile kamera ya zamani itakaa mkobani kama ya akiba. Limebaki swali moja: kumbi za hapa hufunika dari kwa vitambaa vya zambarau, na nilipojaribu kuelekeza flashi juu, bibi harusi alitoka na rangi ya bilinganya.

Mzee_wa_Chumba_cha_Giza

Umenunua vizuri, na Mtaa_wa_Luthuli amenishinda kwenye habari ya kadi. Kuhusu dari, mwanga hubeba rangi ya kila kinachoudundisha, kwa hiyo dari ya zambarau isahau kabisa. Toa flashi juu ya kamera, uifunge kwenye stendi pamoja na mwavuli mweupe, uiweke pembeni ya meza kuu ikiwa juu kidogo ya vichwa, kisha uiwashe kwa rimoti ya redio. Flashi ndogo kama Godox TT600 ina kipokezi cha redio ndani yake, hivyo utanunua kitumaji kimoja tu cha kuweka juu ya kamera. Nguvu yake ipange mwenyewe, usiiachie iamue yenyewe. Jaribu kwa robo ya nguvu, uangalie, kisha upunguze au uongeze. Tumia betri za kuchaji zilizo nzuri, seti mbili. Na miguuni pa stendi ufunge mfuko wa mchanga, kwa maana watoto wa harusini hukimbia bila kutazama chini.